Kitumba, Kitumba, Fumbua!

Zeyana anakaa Wete, kwenye nyumba yenye baraza jeupe na mlango wa kijani. Mwili wake mdogo, lakini maneno yake makubwa. Mtaani kwao hata kuku wanalijua hilo.

Nyumbani yupo Mama. Yupo kaka yake, Nassor, anayependa kucheka hata visivyochekesha.

Yupo Bibi, ambaye humwita Nassor "mume wangu" na Zeyana "mke mwenzangu". Ni utani tu, lakini Zeyana huona fahari kweli kweli.

Na yupo Shangazi Moza. Huyu ndiye anayemsuka Zeyana nywele, taratibu, bila kumvuta. Zeyana anampenda mpaka basi.

Sasa sikilizeni. Shangazi Moza anaolewa! Mvua za vuli zije, zinyeshe, ziishe, kisha harusi.

Nyumba nzima ilifurahi. Mama alifurahi, Bibi alifurahi, Nassor alifurahi kwa sababu ya pilau.

Lakini jioni moja, Shangazi Moza alikaa barazani peke yake. Alikuwa anautazama ukuta mpya wa uani, na uso wake umenuna.

"Shangazi, una nini?" Zeyana akauliza.

"Unaona pale ukutani? Palikuwa na mwasumini wa Bibi. Ukuta ulipojengwa, mti ukakatwa."

"Ukakatwa wote?"

"Wote. Kila bi harusi wa nyumba hii alivaa nyweleni asumini, maua ya mti ule. Bibi alivaa. Hata mama yako, alipoletwa hapa, alivishwa. Mimi tu ndiye nitakayekosa."

Mama akatokea mlangoni, akasema, "Tutanunua sokoni, wifi yangu. Za sokoni nzuri."

"Nzuri," akasema Shangazi Moza. "Lakini si za kwetu." Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga.

Lo! Zeyana hakuweza kustahimili. Alisimama, akashika kiuno.

"Utavaa za kwetu! Nitakupandia mimi!"

"Wewe?"

"Mimi!"

"Ahadi?"

"Ahadi!"

Wakapigana viganja, pa! Na Shangazi Moza akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Kesho yake, Mama aliwachukua Zeyana na Nassor kwenda kwa Bi Kazija. Bi Kazija anaotesha miche ya maua nyuma ya nyumba yake. Anaiotesha kwenye makopo, kwenye ndoo, hata kwenye birika bovu.

Oho, maua! Mekundu, meupe, ya zambarau, ya manjano kama kiini cha yai.

"Kila mtu achague mche mmoja," akasema Mama. "Mmoja tu, jamani."

Nassor hakungoja. Aliliona waridi jekundu limechanua, akalikumbatia. "Mimi hili!"

"Aii!" Kumbe waridi lina miiba.

Bi Kazija akacheka. "Wanangu, ukichagua mche, usitazame ua. Shika shina, uone kama ni gumu. Geuza jani, uone kama lina wadudu. Kisha chungulia chini, uione mizizi."

Nassor hakusikia kitu. Alikuwa ananyonya kidole.

Zeyana alisikia. "Bi Kazija, shikamoo. Mimi nataka mwasumini."

"Marahaba, mwanangu. Umebaki mmoja. Lakini usije ukanicheka."

Akautoa nyuma ya ndoo. Mh! Kijiti kirefu, chembamba, kina majani machache juu kama nywele za mtoto mchanga.

Zeyana alishika shina. Gumu. Akageuza jani. Safi. Akachungulia chini ya kopo, akaona kizizi cheupe kinamchungulia na yeye.

"Naam. Nautaka huu huu."

Nassor alicheka, kwa kwa kwa! "Mama! Zeyana kachagua fimbo!"

"Fimbo yangu itachanua," akasema Zeyana. Akaikumbatia, akatoka nayo, kichwa juu.

Nyumbani, Bibi alikuwa anawangoja. Ameshaweka sufuria barazani. Ni sufuria kuukuu la pilau, jeusi chini, tena lina matundu.

"Bibi, hili limetoboka!"

"Ndiyo maana nimelileta, mke mwenzangu. Mizizi hunywa maji, lakini haipendi kulala kwenye maji."

Wakatia udongo, pu, pu, pu. Wakatia mchanga kidogo. Wakatia samadi ya ng'ombe iliyokauka, na Nassor akaziba pua.

Zeyana akausimamisha mwasumini katikati. Akaukandamiza udongo kwa viganja, polepole, kama anavyomfunika mtoto wa bandia.

Akamwagilia, chururu. Maji yakapita, yakatokea chini, ndo, ndo, ndo.

"Tuuweke wapi, Bibi?"

"Uweke panapopigwa na jua la asubuhi. Mwasumini usioota jua hutoa majani matupu."

Wakauweka pembeni mwa baraza, palipo na jua. Zeyana akachutama mbele yake, akauimbia:

"Kijiti, kijiti, chipua,
maji na jua chukua!"

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Akiamka tu, kabla ya chai, huyo barazani. Anatia kidole kwenye udongo.

Udongo ukiwa mkavu, anamwagilia, chururu. Ukiwa na unyevu, anasema, "Wewe umeshakunywa," anaondoka.

Lakini kwanza anaimba:

"Kijiti, kijiti, chipua,
maji na jua chukua!"

Kijiti kilichipua? Hakikuchipua. Kilisimama tu pale.

Waridi la Nassor likapukutika, likabaki miiba. Nassor akapunguza utani. Kidogo tu.

Watu wakipita njiani wakaanza utani. "Zeyana! Fimbo haijambo?"

"Haijambo, inawasalimu!" anajibu Zeyana. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Asubuhi moja, Bibi alitoka na mkasi. Akaukagua mwasumini juu, akaukagua chini.

Kwacha! Ncha ya kijiti ikaanguka, pamoja na majani yake yote mazuri.

"Bibiii!" Zeyana alipiga ukelele hadi paka akaruka ukuta. "Umemuua! Umemuua mwasumini wangu!"

"Sijamuua. Nimemnyoa. Wewe uliponyolewa ulikufa?"

Zeyana akashika nywele zake. Zipo, tena nyingi. Lakini hakutaka kukubali upesi.

"Nywele ni nywele, Bibi. Mti ni mti."

"Haya, tungoje tuone."

Nassor akapita na mkate mdomoni. "Ehe! Sasa fimbo imekuwa fupi!"

Siku ile Zeyana alinuna mpaka chakula cha mchana. Alipoona samaki wa kupaka, akasahau kununa.

Kisha mvua za vuli zikaja. Zilipiga bati, tapa tapa tapa. Zikaosha baraza, zikaosha mtaa, zikamwosha hata mbuzi wa jirani asiyependa kuoga.

Mvua ilipopumzika, Zeyana akatoka mbio. Akachutama mbele ya sufuria. Akafikicha macho.

Pale ilipokatwa ile ncha, kuna kitu cha kijani. Kidogo, kinang'aa. Na pembeni yake kingine! Na huku kingine!

"Bibi! Mama! Shangazi! Imechipua! Fimbo imechipua!"

Bibi akatoka, akatazama, akatikisa kichwa. "Mti ni mti, nywele ni nywele, siyo?"

Zeyana akacheka kwa aibu. Akamkumbatia Bibi miguu.

Tangu siku hiyo, ilikuwa ni kukua tu. Tawi hili likaja huku, tawi lile likaja kule. Majani yakajaa, mwasumini ukawa mnene kama bibi wa watu.

Na mwishoni mwa matawi, vikatokea vitumba. Vitumba ni maua yaliyofumba, hayajafumbuka. Vilikuwa vidogo, vyeupe, kama punje za mchele.

Zeyana akabadilisha wimbo:

"Kitumba, kitumba, fumbua,
nikuone ukichanua!"

Mvua zikaisha. Harusi ikakaribia. Mashangazi wa mbali wakafika na mabegi yao, na jikoni sufuria zikagongana, ngwa ngwa ngwa.

Shangazi Moza alipakwa hina, mikono na miguu. Alikuwa haruhusiwi kushika kitu. Zeyana akawa anamlisha halua kwa kijiko.

"Asumini zangu zinaendeleaje?" akauliza Shangazi Moza.

"Zinaendelea vizuri sana," akasema Zeyana.

Lakini akitoka nje, moyo unampiga. Maana vitumba vilikuwa vinanenepa tu. Kufumbuka, havifumbuki!

Asubuhi kabla ya shule, vimefumba. Mchana akitoka shule, vimefumba. Alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani, vimefumba vile vile.

"Kitumba, kitumba, fumbua,
nikuone ukichanua!"

Wapi! Viko kimya.

Siku moja kabla ya harusi, Zeyana alichoka kungoja. Alishika kitumba kimoja kwa vidole viwili. Akakifumbua mwenyewe, polepole, kwa kucha.

Kilifumbuka kweli. Lakini baada ya muda mfupi kikageuka rangi ya chai, kikanywea, kikaanguka.

Zeyana akakiokota, akakiweka kiganjani. "Nisamehe, kitumba," akasema. Machozi yakamtoka. Vingine hakuvigusa tena.

Siku ya harusi ikafika. Zeyana alivaa gauni la bluu lenye mikunjo. Akaenda barazani mbio, akaangalia.

Vimefumba. Vyote! Vinene, vyeupe, vimefumba kama macho ya mtu aliyelala.

Alasiri, Bibi akatoka na sahani. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mwasumini. Akanyoosha mkono, akashika kitumba.

"Bibi, usichume!"

Zeyana alikuja kama upepo. Akasimama mbele ya sufuria, mikono ameitanua huku na huku.

"Havijafumbuka! Bado vimelala!"

"Najua," akasema Bibi. "Ndiyo wakati wake wa kuchuma."

"Maua huchumwa yakichanua, Bibi! Kila mtu anajua!"

"Maua mengine, ndiyo. Asumini huchumwa imefumba, alasiri. Iliyochanua haitungiki. Ukiipitisha sindano, inalegea, inapukutika."

Nassor akatoka kuchungulia. Akaangalia sahani, akaangalia vitumba. Kwa kwa kwa! "Shangazi atavaa mchele! Bi harusi na mchele kichwani!"

Zeyana aliona uso unamwaka moto. Watu wote watakuja. Watamwona Shangazi Moza na punje za mchele. Watacheka kama Nassor.

"Nilimwahidi maua, Bibi," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Sikumwahidi vitumba."

Bibi akaweka sahani chini. Hakucheka. Akamvuta Zeyana karibu.

"Kumbe hukuwahi kuambiwa! Mimi nilidhani unajua, maana hapa kila mtu anajua. Sikiliza, mke mwenzangu. Asumini hufumbuka jua likishatua. Tukiziacha hapa, zitafumbukia hapa, mtini, peke yake. Tukizichuma sasa, zitafumbukia kichwani kwa Shangazi yako."

"Zimekatwa, na bado zitafumbuka?"

"Zitafumbuka."

Zeyana akatazama vitumba. Akatazama matawi. Akaiona ile sehemu Bibi alipokata kwa mkasi, kwacha, siku ile. Hapo ndipo yalipotokea matawi yote haya.

Akafikiri. Akafikiri tena. Akakunja mikono ya gauni lake.

"Haya. Lakini nachuma mwenyewe."

"Chuma, bibi mkubwa."

Akachuma. Kac! Kac! Kac! Kimoja kimoja, kwa vidole vyepesi, akivilaza kwenye sahani. Kimoja tu alikiacha, kile kilichokuwa juu kabisa.

"Na hicho je?" akauliza Bibi.

"Hiki cha mti wenyewe. Umefanya kazi."

Wakaketi mkekani, Bibi na sindano, Zeyana na uzi. Sindano ikaingia, sindano ikatoka. Kitumba kikaja, kikamfuata mwenzake.

Likatoka koja dogo, la kuzunguka kifundo cha nywele. Bibi akalifunga kwenye jani la mgomba lililonyunyizwa maji. Zeyana akalipakata mapajani asisogee mtu.

Jua likatua. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakaswali, taa zikawashwa. Chumba kikajaa kina mama, kanga hizi na kanga zile.

Shangazi Moza akatolewa, akaketishwa juu ya kiti kilichopambwa. Alikuwa amependeza, jamani! Na macho yake alikuwa ameyafumba.

Ndiyo desturi. Bi harusi akitolewa hufumba macho. Watu wote wamtazame yeye, yeye asimtazame mtu.

"Asumini ziko wapi?" akauliza Mama.

"Ziko hapa!" Zeyana akapita katikati ya kina mama, jani la mgomba mikononi. "Nipisheni, nipisheni!"

Akalifungua jani. Kina mama wakainama kutazama.

Vimefumba.

"Eh," akanong'ona mama mmoja mwenye kanga ya manjano. "Mbona bado vimefumba, na jua limeshatua?"

Nassor alikuwa mlangoni, anachungulia. Alifungua mdomo acheke. Zeyana akamtolea macho, naye Nassor akaufunga.

"Subirini!" akasema Zeyana, sauti yake kubwa imerudi. "Zitafumbuka. Bibi amesema, na mimi nasema!"

Akapanda kwenye kigoda. Akalizungusha koja kwenye nywele za Shangazi Moza, taratibu, bila kumvuta. Kisha akashuka, akaketi miguuni pake.

Moyo wake ulikuwa unapiga, du, du, du. Akaimba chini chini:

"Kitumba, kitumba, fumbua,
nikuone ukichanua!"

Wakangoja. Mama mmoja akakohoa. Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza.

Kwanza ilikuja harufu. Ilikuja kidogo, ikaondoka. Ikaja tena, tamu, ikazunguka chumba kizima.

"Mmm," akasema mama wa kanga ya manjano. "Nini kinanukia hivi?"

Zeyana akainuka, akasimama kwa ncha za vidole. Akaona kitumba kimoja kimelegea. Kikafumbuka upande mmoja. Kikafumbuka na upande wa pili.

Likawa ua!

Na jirani yake likawa ua. Na wa nyuma yake, na wa pembeni. Zote, moja baada ya nyingine, nyeupe pe!

"Zimefumbuka!" Zeyana akapiga kelele. "Shangazi, zimefumbuka! Za kwetu!"

Vigelegele vikapasuka, lililililili! Bibi ndiye aliyepiga kikubwa kuliko wote. Mama akapiga makofi huku anajifuta machozi.

Na Shangazi Moza? Alikuwa amefumba macho bado. Lakini alivuta harufu, akavuta tena, na tabasamu likamwenea uso mzima.

Halafu, sikilizeni, hili msimwambie mtu. Shangazi Moza alifumbua jicho moja. Moja tu, upande aliokaa Zeyana.

Likamtazama Zeyana. Likajaa chozi la furaha. Likafumba tena.

Kina mama hawakuona. Bibi hakuona. Aliyeona ni Zeyana peke yake, na alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Pilau ikaliwa. Nassor akala sahani yake, akala na ya paka. Taarabu ikapigwa, Zeyana akacheza mpaka gauni likalegea mkanda.

Kisha Bibi akamshika mkono. "Twende, mke mwenzangu. Mwenye maua sasa alale."

Zeyana akalala kitandani kwake. Bibi akamwekea ua moja la asumini pembeni mwa mto. Lilianguka kutoka kwenye koja, likaokotwa.

Mlango ukasukumwa, nyee. Kikaingia kichwa cha Nassor.

"Zeyana. Umelala?"

"Bado."

"Nikatie na mimi tawi la ile fimbo yako. Nipande."

"Fimbo gani?" akauliza Zeyana.

Nassor akakuna kichwa. "Ule... mwasumini."

"Haya, nitakukatia. Lakini nikikata ukisikia kwacha, usilie."

"Silii," akasema Nassor. Akaenda kulala amefurahi.

Bibi akampangusa Zeyana paji la uso. Akapunguza taa. Akaimba, chini chini:

"Zeyana, Zeyana, pumua,
asubuhi macho fumbua."

Jicho la kwanza likafumba. La pili likajitahidi kidogo, nalo likafumba.

Na nje, pembeni mwa baraza, kwenye sufuria kuukuu la pilau, kile kitumba cha mti wenyewe kikafumbuka.